Ufa wa Panga Hauzibwi kwa Rangi

Kazi ya faiba, nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi ya resini, niliianzia kwenye boti, Mtwapa, miaka mingi kabla sijaning'inia kwa kamba kwenye mtambo wa upepo. Fundi aliyenifunza hakuwa mtu wa kutazama tu. Boti ikiletwa na kidonda, aligonga pembeni yake kwa mpini wa bisibisi, kama mama anavyogonga chungu kabla hajakilipia. Mlio ukiwa mkavu, hapo ni pazima. Ukiwa mzito, tabaka zimeachana ndani, hata kama juu panang'aa.

Siku hizi mapanga ya mitambo, yale mabawa marefu yanayozungushwa na upepo, hukaguliwa kwa droni. Picha zinapelekwa ofisini, na kila alama inapewa daraja, aghalabu kuanzia 1, mkwaruzo wa rangi, hadi 5, zima mtambo sasa hivi. Utaratibu huo siupingi. Umetupunguzia kupanda bure. Ninachopinga ni uamuzi kuishia kwenye picha. Picha inaonyesha upana wa kidonda, kina haionyeshi, na kwenye panga kinachovunja ni kina. Panga ni maganda mawili ya faiba yaliyounganishwa kwa gundi, ndani mna mbao nyepesi za balsa au povu gumu, pamoja na uti unaobeba sehemu kubwa ya mzigo kutoka shinani, pale panga linapofungwa kwenye mtambo. Ncha yake hukata hewa kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kwa hiyo matone ya mvua na chembe za mchanga hula ukingo wa mbele. Ukingo ulioliwa unatisha kwenye picha, lakini ukiwahi kabla faiba haijafikiwa, mara nyingi unaweza kungoja msimu wa upepo mdogo. Ufa mwembamba kama uzi, uliokatiza panga karibu na shina, hauna subira hiyo. Alama ya radi nayo nisingeiamini hata ikiwa ndogo kama senti, kwa sababu moto wa radi hupita ndani.

Tarehe 13 Julai 2024, panga la mita 107 lilivunjika kwenye mradi wa Vineyard Wind, baharini karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, na vipande vyake vikatupwa ufukweni. Watengenezaji wake, GE Vernova, walieleza kwamba gundi haikushika inavyotakiwa tangu kiwandani, na kwamba ukaguzi wa kiwanda ulipaswa kuligundua hilo. Droni ingepita nje ya panga lile asubuhi na jioni isione kitu.

Nakumbuka panga moja, mradi sitautaja. Ripoti ilisema daraja la 2, ufa wa rangi, tupake lipu na rangi tushuke. Upepo ulikuwa umeanza kuwa mzuri na kila mtu alitaka mtambo uzunguke. Niliuelewa msukumo huo: mtambo wa kilowati 850, kama ile 365 ya mradi wa Ziwa Turkana, ukikutwa na upepo kamili hutoa uniti 850 kila saa, na ukisimama ni sufuri. Lakini nilipogonga, mlio ulikuwa mzito kiasi cha shibiri mbili kushuka chini ya ufa. Nikakataa kupaka. Tulibishana kwenye redio nikiwa juu, na sijui kama ningeshinda asingekuwapo mwenzangu kwenye kamba ya pili aliyegonga naye akasikia nilichosikia.

Tulisaga. Tabaka ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya pili nyeupe, ya tatu ikatoka na maji.

Faiba yenye maji haibandikwi. Inabidi isagwe kwa mteremko mrefu, ikaushwe, kisha tabaka zirudishwe moja moja kwa mwelekeo uleule wa nyuzi. Resini nayo ina masharti: baridi inaichelewesha, unyevu unaiharibu. Ndiyo maana kwenye vilima vya Ngong, Julai, ukungu unaposhuka, mwenye busara hukaa chini anywe chai hata meneja akipiga simu mara kumi. Na panga likishaongezewa faiba limeongezeka uzito, kwa hiyo ni lazima uzito huo upigiwe hesabu, kwani mapanga matatu yasipolingana mtambo wote hutikisika.

Ombi langu kwa wenye miradi ni dogo. Kila panga liwe na faili lake, picha ya mwaka huu iwekwe kando ya ile ya mwaka jana, ufa upimwe kwa rula uonekane kama umerefuka. Na daraja lolote juu ya 1 lisishushwe wala lisifungwe bila saini ya aliyeligonga panga kwa mkono. Panga lile tulilisimamisha siku kumi na moja. Siku zote hizo niliulizwa, kila asubuhi, kama kweli palikuwa na haja.