Vua Kiatu Nikuone

Mji wa Toronto una njia ya treni ya chini ya ardhi ambayo wenyeji hawaitaji bila kucheka. Ilifunguliwa tarehe 22 Novemba 2002 chini ya barabara ya Sheppard, ikiwa na vituo vitano tu katika kilomita 5.5, na iliponea kwa ung'ang'anizi wa Mel Lastman, aliyekuwa meya wa North York, wakati huo mji jirani wa Toronto, pale ujenzi wa njia nyingine, ile ya Eglinton, uliposimamishwa mwaka 1995 na shimo lake kufukiwa. Katika vituo hivyo vitano, kinachotaniwa zaidi ni Bessarion, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa miongoni mwa vituo vyenye abiria wachache kabisa mjini. Upande mmoja wa barabara kuna nyumba za watu wenye magari yao, na upande wa pili, kuelekea barabara kuu ya 401, palipokuwa na maghala sasa pameota maghorofa marefu. Katika ghorofa mojawapo anaishi rafiki yangu wa Mombasa, ambaye mwezi wa Ramadhani alitualika kufuturu, mimi pamoja na shangazi yangu aliyekuwa amewasili karibuni kutoka Tanga.

Shangazi hakubali kwenda ugenini mikono mitupu. Alipika pilau, akaifunga sufuria kwa kanga, fundo juu ya mfuniko, akaipakata ndani ya treni na kukataa katakata nimpokee, kwa hoja kwamba wanaume hawajui kushika sufuria wima. Mimi nikabaki na chupa ya uji na mfuko wa katlesi.

Treni ilipoondoka kituo cha Bayview, niliona ni adabu kumweleza mgeni habari za mahali tunapokwenda. Nikamwambia kwamba kituo chetu kimepambwa kwa kazi ya msanii Sylvie Bélanger, nayo ni picha za abiria zinazoonyesha miguu, mikono na visogo.

"Na sura?" akauliza.

"Sura hamna, shangazi. Hiyo ndiyo sanaa yenyewe."

Akanyamaza. Mtu aliyelelewa pwani anajua kwamba jini hutambulikana miguuni, kwa sababu hata akijigeuza bwana mtanashati mwenye kanzu na manukato, kwato zake hazifichiki. Kwa hiyo mahali ambapo watu wamefichwa nyuso na kuonyeshwa miguu ni mahali pa kujiuliza mara mbili. Tulipofika Bessarion milango ikafunguka, mimi nikashuka, na shangazi akachungulia. Jukwaa lilikuwa jeupe, safi, refu, na halina mtu hata mmoja.

"Mwanangu," alisema akiwa bado amekaa, "kituo cha watu kina watu."

Milango ikafunga. Shangazi, pilau na kanga vikaelekea mashariki.

Simu yake ilikuwa na laini ya Tanga, ambayo huku haikushika chochote. Kilichonipa moyo ni ufupi wa njia yenyewe: mbele yake kulikuwa na vituo viwili tu, Leslie na Don Mills, na huko Don Mills treni hugeuza na kurudi ilikotoka. Kwa kuwa jukwaa la Bessarion liko katikati ya reli mbili, nilichotakiwa kufanya ni kugeuka na kusubiri upande wa pili. Nilisubiri huku magharibi ikiingia, nikafungua kwa katlesi moja.

Treni ya kurudi ilipoingia nilimwona dirishani. Alikuwa amepata wenzake: behewa zima lilikuwa likitafuna tende zake, na kijana mmoja aliyevaa vipokea sauti alikuwa ameshikishwa mkono mmoja wa sufuria. Nikakimbilia mlangoni nikipunga chupa ya uji.

Shangazi aliniangalia kama mtu anayehakiki noti. "Mwanangu nimemwacha kule nyuma," akasema kwa sauti thabiti. "Wewe nani?"

"Ni mimi, shangazi! Shuka!"

"Vua kiatu nikuone."

Nilikuwa nimevaa viatu vya kamba, tena vya kamba ndefu. Nilipiga goti moja kuanza kazi, milango ikafunga, na pilau ikaenda magharibi.

Baadaye alinieleza kwamba ushahidi ulikuwa umezidi: kule Leslie alikuta kuta zenye maandishi ya mkono, maneno yaleyale yakirudiwa bila kikomo, akajua mtu amefanya azima. Nilijaribu kumweleza kwamba ni kazi ya Micah Lexier, vigae 17,000 vyenye jina la njia panda ya Sheppard na Leslie kwa hati za watu 3,400, akanijibu kwamba watu wote hao hawakusanywi kwa jambo dogo.

Safari iliyofuata nilijiandaa. Treni ilipoingia tena kutoka Yonge, mwisho wa njia upande wa magharibi, nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa jukwaa, soksi mfukoni, kiatu mkononi, nikiuzungusha wayo wangu taratibu mbele ya kila dirisha ili vidole vihesabike. Milango ikafunguka. Kutoka behewa la kwanza, katika kituo ambacho hakikuwa kimeteremsha mtu tangu nifike, akateremka bwana mmoja mwenye suti. Alinitazama, akautazama mguu, akapita mbali akiwa amebana mkoba kifuani.

Shangazi naye akaukagua mguu, akagusa kidole gumba kwa ncha ya mwavuli, akaridhika, akashuka na sufuria yake wima.

Ndani ya lifti ya ghorofa tulimkuta yule bwana mwenye suti. Alijisogeza kwenye kona, akabonyeza namba ileile tuliyoitaka sisi, na mlango uliofunguliwa na rafiki yangu ukatupokea sote watatu. Tulipokaa mkekani akaniinamia, akaniuliza kwa Kiswahili cha upole kama viatu vyangu vinanibana. Kabla sijajibu, shangazi alikwisha kumpakulia mnofu mkubwa kuliko wote, kwa maelezo kwamba huyo ndiye binadamu pekee aliyemwona kule chini.