Mateka arudi kwa bei gani, na nani anailipa?

Wayahudi wanabishana juu ya hili tangu enzi za Warumi na mpaka leo hawajamaliza: ndugu yako akitekwa, unatoa kiasi gani ili arudi? Mishna, yale mafundisho ya marabi yaliyokusanywa karibu miaka 1,800 iliyopita, inasema mateka wasikombolewe kwa zaidi ya thamani yao. Talmudi, kitabu cha marabi kinachoichambua Mishna, ikaleta sababu mbili, ama jamii itafilisika, ama watekaji wataona biashara inalipa na kesho watarudi kuchukua wengine. Alafu Talmudi hiyohiyo inamsimulia Rabi Yehoshua alivyokuta kijana wa Kiyahudi gerezani Roma akaapa haondoki bila yeye, hata watake hela ngapi. Na Rambam, mwanachuoni mkubwa aliyeishi Misri karne ya 12, kaandika kwamba hakuna sadaka kubwa kuliko kumkomboa mateka, maana mtu huyo ana njaa, ana kiu, yuko uchi na roho yake iko hatarini, na mistari michache mbele anarudia ileile kwamba usilipe kupita kiasi. Yaani vyote viwili viko kwenye sura moja.

Kuna rabi wa Ujerumani, Meir wa Rothenburg, alifungwa na mfalme mwaka 1286 na inasimuliwa aliwakataza watu wake wasimlipie ili wafalme wengine wasijifunze mchezo huo. Akafia ndani 1293, na hata maiti ilishikiliwa miaka 14 mpaka Myahudi mmoja tajiri akalipa, ombi lake likiwa tu azikwe pembeni yake, na kweli makaburi yao yako jirani mpaka leo pale Worms.

Sasa njoo 2011. Gilad Shalit, askari kijana wa Israel aliyetekwa mpakani na Gaza Juni 2006, wazazi wake wakapiga hema karibu na nyumba ya waziri mkuu Jerusalem, nchi nzima ikamjua kama mtoto wa kila mtu. Oktoba serikali ikakubali kumbadilisha kwa wafungwa 1,027 wa Kipalestina, mawaziri 26 wakasema ndiyo na watatu hapana. Majina ya waliotoka kwanza yakawekwa hadharani siku mbili tu kabla, na hapa ndipo mimi huwa nasimama sana, maana kuna wazazi waliofungua ile orodha wakawa wanatafuta jina la aliyemuua mtoto wao, na wakalikuta. Mmoja wa walioachiwa ni mwanamke aliyemsindikiza mlipuaji mpaka kwenye mgahawa wa piza wa Sbarro, Agosti 2001, watu 15 wakafa siku hiyo, saba kati yao watoto. Wafiwa wakakimbilia Mahakama ya Juu. Baba yake Shalit naye alikuwepo mle ndani, na kijana mmoja aliyepoteza baba, mama na ndugu watatu pale Sbarro akampigia kelele mbele ya watu. Wote wawili wana haki ya kulia! Mahakama ikakataa maombi na kesho yake Shalit akarudi kwao.

Wanaopinga mabadilishano wana hoja nzito na haitaki kupuuzwa, Yahya Sinwar, aliyekuja kuwa kiongozi wa Hamas Gaza, alitoka kwenye orodha hiyohiyo, na tarehe 7 Oktoba 2023 tukaona, watu kama 1,200 wakauawa na 251 wakabebwa Gaza. Lakini kusema Shalit ndo kawaponza naona sio haki, maana uzio ulishindwa, jeshi lilionywa likapuuza, na miaka yote hiyo viongozi waliamua Gaza ni ishu ya kusimamia tu, sio ya kutatua. Alafu vita iliyofuata imeua zaidi ya watu 60,000 kwa hesabu ya wizara ya afya ya Gaza, kwahiyo anayesema njia ya silaha ni rahisi kuliko kubadilishana aniambie hiyo bei anaiandika wapi.

Rachel Goldberg-Polin, mama wa Hersh, mmoja wa waliotekwa siku ile, kila asubuhi alikuwa anakata kipande cha gundi ya karatasi anaandika namba ya siku ambazo mwanae yuko mateka anabandika kifuani. Mwishoni mwa Agosti 2024 Hersh na wenzake watano waliuawa kwenye handaki Rafah, na watu walikuwa bado wanabishana masharti. Mama huyuhuyu alikuwa akisema wazi kwamba na kina mama wa Gaza wanaumia. Upande wa pili kulikuwa na familia za mateka vilevile, chama kingine kabisa, walioomba serikali isilegeze hata kidogo. Kwahiyo mwanasiasa akikwambia "wafiwa wanataka hivi" muulize wafiwa gani.

Na sisi tusijifanye tuko mbali. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo waliuawa siku ile ya Oktoba, mwili wa mmoja ulirudi Novemba 2023, wa mwenzake ukakaa Gaza mpaka Novemba 2025, na uliachiwa kwa makubaliano ya Oktoba 2025, haya haya watu wanayoyaita udhaifu. Familia ikapata wa kuzika.

Msimamo wangu, bei ilipwe. Oktoba 2025 mateka 20 hai walirudi, wafungwa karibu 2,000 wakatoka, karibu 250 kati yao wenye vifungo vya maisha au virefu, na wengi wa waliobaki ni watu wa Gaza waliokamatwa vitani bila hata mashtaka, nao mama zao walikuwa wanangoja, kuwaita wote magaidi ni uongo. Ila mtu aliyezika mtoto asiletewe habari na orodha ya mtandaoni. Kwenye matanga ya Kiyahudi mgeni anakaa kimya mpaka mfiwa aongee kwanza, serikali ishike hiyo adabu, mtu wa ngazi ya juu aende nyumbani kwao kabla ya kusaini, awaambie ni nani anatoka na kwa nini, na avumilie kutukanwa.