Barua 54 za Uingereza na kikao cha Dodoma

Sisi tunaoishi huku Uingereza huulizwa sana na ndugu wa nyumbani: hawa Wazungu wanamng'oaje waziri mkuu wa chama chao bila mtutu? Kwa kanuni iliyotumika 2022, asilimia 15 ya wabunge wa Conservative, chama kilichokuwa madarakani, walitakiwa kumwandikia mwenyekiti wa Kamati ya 1922, yaani kamati ya wabunge wa kawaida wa chama hicho, kwamba hawana imani na kiongozi wao. Chama kilikuwa na wabunge 359, kwa hiyo barua 54 zilitosha. Mwenyekiti hasemi nani kaandika wala zimefika ngapi mpaka zitimie, ndipo inaitishwa kura ya siri.

Tarehe 6 Juni, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, walimpigia kura Waziri Mkuu Boris Johnson. Alishinda, 211 kwa 148, na kwa kanuni asingeguswa tena mwaka mzima. Haukumsaidia kitu ushindi ule. Julai 5 mawaziri wa fedha na afya waliachia ngazi, wakafuatwa na wenzao na wasaidizi zaidi ya 50, hadi nafasi zikakosa wa kuzijaza. Julai 7 akatangaza kung'atuka.

Kwetu nako imewahi kutokea. Januari 1984, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Dodoma chini ya Nyerere, ajenda ikiwa "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa" Zanzibar. Aboud Jumbe alikuwa ameandaa waraka wa kuhoji muundo wa Muungano mbele ya Mahakama Maalumu ya Katiba, na waraka ukaishia mezani pa kikao kile. Aliingia akiwa Rais wa Zanzibar, Makamu wa Rais wa Muungano na makamu mwenyekiti wa chama. Vyeo vyote akavivua huko huko.

Tofauti kubwa naiona kwa wabunge wanaothubutu kuwapinga wakubwa wa chama chao. Huku, Septemba 2019, wabunge 21 wa Conservative walifukuzwa kundini kwa kuipinga serikali yao, lakini viti vyao bungeni wakabaki navyo. Kwetu, kwa ibara ya 71 ya Katiba, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge unakwenda nao. Ibara ya 46A inawapa wabunge uwezo wa kumshtaki Rais: saini za asilimia 20, kisha theluthi mbili ya kura. Lakini nani atatangulia kusaini, ilhali chama kinaweza kumfuta uanachama na kiti kabla hoja haijasomwa? Wanaodai katiba mpya waanzie hapo, kwenye ibara ya 71.