Naitrojeni inasingiziwa: je, njaa ndiyo inayoleta maua?

Ushauri umezagaa kwamba mmea wa pambo usiochanua umeshiba kupita kiasi, kwa hiyo unyimwe mbolea hadi uhisi hatari na kutoa maua. Wanaousema wana ushahidi. Bugenvilia iliyojazwa naitrojeni, kirutubisho cha mbolea kinachokuza majani, hurefusha matawi ya kijani na miiba, rangi usiione. Ipomoea nil, mmea unaotambaa wenye maua kama tarumbeta, ambao kwa kawaida husubiri siku fupi (zenye usiku mrefu), unaweza kuchanua katika siku ndefu ukikosa lishe. Mwaka 1918 watafiti Kraus na Kraybill walionyesha kwa nyanya kwamba naitrojeni ikizidi, mmea hustawi majani bila kuzaa.

Ila kazi hiyohiyo ya 1918 ina nusu ya pili ambayo hutajwa kwa nadra: naitrojeni ikipunguzwa zaidi, ukuaji na uzazi hudumaa pamoja. Kupunguza kilichozidi ni jambo moja, kuufisha mmea kwa njaa ni jingine kabisa.

Tazama anthuriamu. Ikishakomaa, ua huchomoza kwenye kwapa la jani, yaani pale jani linapoungana na shina, jani moja ua moja. Mmea wenye uwezo wa kutoa majani sita kwa mwaka, ukidumazwa na njaa ukatoa manne, umepoteza theluthi ya maua kabla tumba lolote halijaonekana. Hasara hiyo haina dalili ya kushtua, ndiyo maana hakuna anayeihesabu. Haibiskasi nayo hubeba matumba kwenye machipukizi mapya; pasipo chipukizi, tumba litakaa wapi?

Na bugenvilia je? Anayeinyima mbolea mara nyingi huinyima na maji, kisha sifa zote hupewa njaa. Kinachoisukuma zaidi ni jua kali kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, siku fupi, na udongo kukauka kiasi kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine.

Fosforasi inastahili neno kali zaidi. Mbolea za "kuchochea maua" zenye namba kama 10-50-10 (asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa mfuatano huo) hazitoi amri ya kuchanua. Fosforasi ikilundikana huzuia mmea kutumia chuma na zinki. Kwenye haibiskasi na iksora utaona majani machanga yamegeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Dalili hiyohiyo huletwa na udongo wenye pH (kipimo cha uchachu wa udongo) inayozidi 7, kwa hiyo pima pH kabla ya kununua madini ya chuma. Manjano yakianzia majani ya chini, shuku naitrojeni. Kingo za majani hayo zikiungua, shuku potasiamu.

Kwa mimea ya chungu, mbolea ya uwiano wa 3-1-2, mfano 12-4-8, inatosha. Gramu 1 kwa lita hutoa miligramu 120 za naitrojeni: haibiskasi inayokua ipewe kila wiki, bugenvilia nusu gramu kwa lita kila wiki mbili. Mwagilia maji matupu kwanza, kwa kuwa mbolea kwenye udongo mkavu huunguza mizizi. Mara moja kwa mwezi pitisha maji matupu, mara mbili ya ujazo wa chungu, yasombe chumvi. Bugenvilia iliyolishwa hivi ikiendelea kuwa kijani tupu, ihamishie kwenye jua zaidi kabla ya kugusa kipimo cha mbolea.