Mbwa ndani ya jezi: mapenzi ya timu yaishie wapi?

AFCON ya 2027 itachezwa Uganda, Kenya na Tanzania, na joto lake tulikwisha kulionja Agosti 2025, mechi za CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, zilipochezwa uwanja wa Namboole, Kampala. Mapenzi ya timu sasa yameingia mpaka kwa wanyama. Wapo Kampala wanaowavisha mbwa wao jezi ya Cranes, timu ya taifa ya Uganda, ya Arsenal au ya Manchester United, mara nyingi jezi ya mtoto iliyonunuliwa soko la Owino ikapunguzwa kwa mkasi, na picha zikazunguka kwenye simu. Wengine hushangilia, wengine husema mnyama anadhulumiwa. Kila upande una hoja ya kusikilizwa, ila kwangu uzito wake haulingani.

Wanaotetea wana jambo la kweli. Mbwa wengi wa mjini kwetu ni walinzi tu: mchana wamefungwa, usiku wanafunguliwa, chakula ni makombo ya posho, na watoto wakipita huwatupia mawe. Mbwa aliyevishwa jezi amehesabiwa kuwa wa nyumbani. Ana jina, na mtaa mzima unajua ni wa nani. Hilo si dogo hata kidogo, na wanaolaani kila jezi hulipita haraka mno.

Desturi yenyewe wala si yetu peke yetu. Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, kina bulldogi wa timu aitwaye Uga. Ukoo wake ulianza kuonekana uwanjani mwaka 1956, na huvaa jezi nyekundu. Lakini Uga huyo amejengewa uwanjani kibanda chenye kiyoyozi, na hapo ndipo ninapoanza kusita. Mbwa hapoi kama sisi. Jasho lake hutoka kwenye nyayo, tena kidogo. Kazi kubwa ya kupoza mwili huifanya kwa kuhema, ulimi nje. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 maisha yake yamo hatarini. Mfunike kifua na tumbo kwa poliesta, umtembeze kwenye jua la saa tisa mchana, na umemzidishia mzigo asioweza kuuvua mwenyewe. Wenye pua fupi huathirika mapema zaidi.

Baya zaidi ni kumpeleka kwenye umati. Mechi ikiisha kuna vuvuzela, firimbi na honi za boda boda, na sikio la mbwa hunasa sauti nyembamba ambazo letu halizisikii kabisa. Akibana mkia, akalamba midomo, akapiga miayo mfululizo na kutulia tuli, watu husema anapenda picha. Mara nyingi ameganda kwa hofu, na mbwa mwenye hofu huuma. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na bado chanjo huonekana gharama huku jezi ikionekana furaha. Mpango huo umepinduka.

Kuna na majirani. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili Kisenyi na Old Kampala ni Waislamu, na kwa madhehebu yetu mate ya mbwa ni najisi. Shabiki mwenzako anayetoka kwenye kibanda cha kutazamia mechi kwenda kuswali Isha hapaswi kujipenyeza kando ya mbwa wako ili apate njia. Tena shabiki wa timu pinzani mwenye hasira anaweza kukuogopa wewe, akamalizia hasira zake kwa mnyama.

Kwa hiyo sioni sababu ya kupiga marufuku, lakini jezi nzima siikubali, na siku ya mechi mbwa abaki nyumbani. Chanjo itangulie, na kama pesa inatosha kitu kimoja tu, hakuna cha kujadili. Anayetaka rangi za Cranes anaweza kufunga utepe mweusi, wa njano na mwekundu kwenye mkanda wa shingo, ulegee kiasi cha vidole viwili kupita, jioni jua likishapoa, mwenyewe akiwa karibu. Mbwa akianza kuukwangua au kujisugua ukutani, ufunguliwe papo hapo, hata kama picha bado haijapigwa.