Nyimba Si Zao, Kazi Ni Yao

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye harusi hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Rafiki zangu wawili walialikwa kupiga muziki wakati wageni wanakula. Walipatana shilingi laki mbili. Walipomaliza, saa mbili usiku, wakapewa elfu hamsini. Walipouliza, mshika fedha wa kamati akawajibu macho yakiwa kwenye daftari: "Nyinyi wasichana, nyimba zenyewe si zenu. Mmetunga wimbo gani?"

Neno hilo nimelala nalo siku nne na bado halijanitoka. Wasichana! Mmoja ana watoto wawili.

Pembeni yao alikuwepo didjei, na kompyuta yake na spika nne. Alipiga nyimba za watu mpaka usiku wa manane, hakutunga hata mmoja, na alilipwa fedha zake zote. Simwonei kijicho, watu walicheza na kazi yake aliifanya. Lakini kama utunzi ndio kipimo, tupimwe wote kwa kipimo hicho. Na kwaya iliyoimba asubuhi kanisani, ilitunga nini?

Hawa wawili nawajua. Tulianza kidato cha kwanza pamoja, wao wakakutana kwenye kwaya ya shule, mmoja sauti ya kwanza, mwingine ya pili, wakipokezana gitaa moja la mwalimu. Leo mmoja ni fundi cherehani, mwingine ana duka la dawa na mtaa mzima humwita Musawo, yaani daktari kwa Kiganda. Wakishafunga biashara zao jioni, hukaa kati ya cherehani na rundo la vitambaa, magitaa makavu mawili magotini, wakafanya mazoezi mpaka watoto waje kumwita Fundi.

Nimewahi kukaa nao wakihangaikia wimbo mmoja wa Afrigo. Bendi hiyo ilianza mwaka 1975, na anayejua nyimba zake anajua saksafoni ya Moses Matovu ilivyo. Sasa uichukue bendi nzima, ngoma, besi, kinanda na hiyo saksafoni, uiweke kwenye nyuzi kumi na mbili na makoo mawili. Ijaribu uone! Fundi alichukua besi kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene. Musawo akalaza penseli juu ya nyuzi zake zote, karibu na kichwa cha gitaa, akaikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ili gitaa lake lilie juu kidogo na lisigongane na la mwenzake. Hapo wakaenda vizuri. Saksafoni ndiyo iliyowashinda. Musawo aliitafuta kwenye nyuzi nyembamba, lakini ilikuwa inatoka nyembamba, haina pumzi. Waliiacha wiki nzima. Siku moja Fundi alikuwa anapinda suruali ya mteja, mdomo umefungwa, anavumisha sehemu hiyo bila hata kujijua. Musawo akamwambia, "Hapo hapo, usiguse kitu." Ndivyo inavyopigwa mpaka leo: gitaa linapungua, Fundi anavumisha, na mwili unakusisimka.

Hiyo si kazi? Halafu kuna jambo la kukata neno. Mwisho wa mstari wote wawili hulikata neno mara moja, na hawatazamani. Musawo ana tabia ya kukawia kidogo kabla ya neno la mwisho, Fundi humngoja papo hapo, kwa sababu amemsikia akikawia hivyo tangu wakiwa na sare za shule. Mpiga gitaa mgeni, hata awe hodari vipi, atajifunza hilo kwa muda gani?

Na watu wanawachanganya na kariyoki. Kariyoki muziki unatoka kwenye mashine, wewe unafuata. Hapa Fundi akinyamaza, nusu ya muziki imenyamaza.

Nakubali, na kwa shingo upande, kwamba mtunzi lazima apate chake. Uganda tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006, na chama cha UPRS kimekuwepo tangu 1985 kukusanya fedha za watunzi. Mwenye ukumbi na alipe, sitamtetea. Ila sheria hiyohiyo, kwenye hilo neno hakishiriki, inamtambua anayeimba na kupiga kuwa ana haki yake mwenyewe mbali na mtunzi. Mshika fedha hawezi kumtaja mtunzi ili amnyime mpigaji, halafu mtunzi naye asimpelekee hata senti.

Wapo wanaosema waimbe nyimba zao. Wanazo mbili, watazitoa zikiwa tayari.

Jumamosi ile, walipofika kwenye wimbo huo wa Afrigo, mama mmoja mtu mzima alinyanyuka na sahani yake ya wali, akavuta kiti mpaka hatua mbili kutoka gitaa la Musawo. Ubeti wa pili aliuimba wote, kijiko kimesimama hewani. Kwenye spika nne za didjei wimbo huo haukupigwa usiku kucha. Ulipokwisha, alimshika Fundi mkono akamuuliza, "Mwanangu, huu nani amekufundisha?" Fundi akamwambia ni redio ya baba yake. Yule mama akacheka, machozi yanamtoka.

Mwenye harusi, nakuheshimu, na ndoa yako Mungu aibariki. Zimebaki laki moja na nusu. Namba ya simu ya Fundi unayo, ndiyo uliyompigia ulipomwomba aje.