Inavuta Mpaka Wapi? Kamera, Vumbi na Mwanga wa Dodoma

Ukitembea Dodoma na kamera shingoni, swali la kwanza huwa moja: "Hiyo inavuta mpaka wapi?" Nimeulizwa na mvuvi kando ya bwawa la Hombolo, nikaulizwa na dereva wa bodaboda aliyenipeleka huko, na juma lililopita kaniuliza kijana wa ofisini kwetu. Amejibana mpaka kafikisha milioni mbili, anataka kamera ya kutoka nayo Jumamosi: ndege, mibuyu, miamba, ng'ombe wakirudi zizini jioni. Si ya harusi wala ya biashara. Amekwama kati ya mbili. Moja ni kamera ya kipande kimoja, lenzi haitoki, lakini inavuta mbali ajabu. Roho yake imeiangukia Nikon P900. Nyingine ni bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya daraja la kati ya kubadilisha lenzi, iliyokwisha kutumika. Marafiki zake wamegawanyika nusu kwa nusu, na mimi siku ile nilimjibu kwa mkato, jibu ambalo halikumsaidia.

Nianze na kipande kimoja, maana wengi wanaokiponda hawajawahi kukaa nacho kando ya maji. P900 ilitoka mwaka 2015 ikiuzwa kama dola 600, na lenzi yake inaanzia milimita 24 hadi 2,000 kwa vipimo vya kamera za filamu; ndiyo ile "mara 83" inayoandikwa kwenye boksi. Mnandi aliyekaa kwenye kisiki katikati ya bwawa, ambaye kwa macho ni alama nyeusi tu, anajaa kwenye picha na jicho lake unaliona. Umbali huo kwa kamera ya kubadilisha lenzi usiuote kwa milioni mbili. Lenzi ya kitaalamu ya milimita 600 peke yake ni bei ya gari, na bado haijafika nusu ya safari. Halafu kipande kimoja hakikutumi dukani tena. Namjua mtu (sitamtaja, atasoma hapa) aliyenunua bodi ya bei nafuu, na baada ya miaka miwili alikuwa na lenzi tano na mkopo wa SACCOS.

Hata jua letu linakipendelea. Wapiga picha wa enzi ya filamu walikuwa na kanuni: jua likiwaka sawasawa, weka tundu la lenzi linalopitisha mwanga f/16, na kasi ya shata (pazia linalofunguka picha ikipigwa) iwe moja ukigawa kwa ISO (kipimo cha wepesi wa kuhisi mwanga). Kwa ISO 100 ni sehemu moja ya 100 ya sekunde. Sasa P900 ikivutwa hadi mwisho tundu lake ni f/6.5, pana kuliko f/16, na kwa hesabu hiyo hiyo shata inafika kama sehemu moja ya 600. Kwa ndege aliyetulia, hiyo inatosha, na picha inatoka safi bila kupandisha ISO. Kwa hiyo wanaosema kamera yenye kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kidogo haifai kitu wanazungumzia nchi zenye mawingu.

Shida inakuja ukiangalia saa.

Hapa jua linachomoza saa 12 na nusu hivi, miezi mingine mapema kidogo. Kufika saa 3 mwanga umeshakuwa mweupe na vivuli vimekuwa vikali. Saa 5 ardhi imeiva, hewa juu yake inacheza, na hayo mazigazi unayoyaona barabarani kama maji ndiyo hayo hayo yaliyosimama kati yako na ndege. Kadiri unavyovuta vilivyo mbali zaidi, ndivyo unavyoingiza hewa hiyo nyingi zaidi kwenye picha. Ukivuta milimita 2,000 mchana wa Oktoba juu ya mbuga ya Bahi, ndege anakuwa kama amechorwa kwa brashi yenye maji mengi. Manyoya yanaungana, mguu unapinda. Lenzi ya bei ya gari nayo ingetoa picha hiyo hiyo. Mtu anairudisha kamera dukani akisema ni mbovu, kumbe ni nzima kabisa.

Maana yake, zumu ndefu inafanya kazi vizuri alfajiri na mapema asubuhi, hewa ikiwa bado imetulia. Lakini saa hizo mwanga ni mdogo, ISO inapanda hadi 1600 na zaidi, na hapo ndipo kihisi kidogo kinapoanza kutoa chenga. Kile cha P900 kina eneo la milimita za mraba kama 28. Cha bodi ya Nikon ya daraja la kati ni kama 367, mara 13. Asubuhi mwanga umepungua, mchana hewa imechafuka, na kati yake umebaki na dirisha la saa moja na nusu, labda mbili.

Tulilijaribu hilo Hombolo, mimi na jamaa mmoja mwenye P900. Yangu ni D7200, nayo ya mwaka 2015, na lenzi ya milimita 70-300. Korongo alikuwa anatembea ukingoni saa 12 na dakika 50. Kwake ndege amejaa picha nzima, lakini kifua chote kimekuwa blanketi moja la kijivu. Kamera ilijaribu kufuta chenga ikafuta na manyoya. Kwangu ndege alikuwa mdogo, robo ya picha, ila ukisogeza unahesabu manyoya ya shingo. Nilikata kingo: kutoka megapikseli 24 nikabakiwa na 6, ni sawa na kuwa na milimita 900 kwa vipimo vile vya filamu (300 kwenye bodi hii ni kama 450, na kukata kumeongeza mara mbili), na nakala ya A4 ikatoka vizuri. Saa 2 na nusu tulirudia na mnandi wa kwenye kisiki. Hapo alinipiga bao bila ubishi. Wangu hata ukimkata vipi alibaki alama nyeusi yenye mdomo.

Sasa vumbi, na hapa nina kidonda changu. Hoja kubwa ya wapenzi wa kipande kimoja ni kwamba lenzi haifunguliwi, kwa hiyo vumbi halina pa kupitia. Inasikika vizuri mpaka ukumbuke lenzi yenyewe inafanyaje kazi: ukivuta, bomba linatoka nje na hewa inaingia kujaza nafasi, ukirudisha, hewa inatoka na vumbi linabaki. Ni pampu. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo, ya kampuni nyingine nitakayoihifadhi jina. Msimu mmoja tu wa upepo, Agosti hadi Oktoba, ikaanza kulia kila nikiiwasha, sauti ya mchele wenye mchanga mdomoni. Siku moja bomba likatoka nusu, likagoma kurudi. Fundi aliigeuza mara mbili, akapuliza, akaniambia lenzi nzima ibadilishwe, na lenzi nzima ilikuwa karibu bei ya kamera. Imekaa kabatini mpaka leo, mdomo wazi.

Bodi nayo haijasalimika. Ukibadilisha lenzi kwenye upepo umefungua mlango wa mbele, na punje moja ikikaa kwenye kihisi itaonekana kama doa kwenye kila picha ya anga utakayopiga, na hapa anga ndilo nusu ya picha. Tofauti ni kwamba bodi inasafishika: kipulizio cha mpira, au brashi maalumu kwa fundi anayejua. Na bodi za daraja la kati kama D7200, D7500 au Canon 80D zimewekewa mpira kwenye maungio kuzuia vumbi na manyunyu, jambo ambalo ndugu zao wa bei ya chini kama D3500 hawana. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuongeza pesa kutoka daraja la mwanzo kwenda la kati. Ubora wa picha kati ya madaraja hayo mawili karibu haupishani.

Lakini mimi siku hizi lenzi sibadilishi kabisa nikiwa porini, na nadhani hili ndilo ambalo mabishano ya marafiki zake yameliruka. Wanabishana kana kwamba kijana hana simu. Mbuyu mzima na mawingu yake, jiwe la Simba wakati wa machweo, mashamba ya zabibu, ng'ombe na vumbi lao: simu nzuri ya miaka ya karibuni inayapiga vizuri sana, tena yenyewe inasawazisha anga linalong'aa na ardhi yenye giza. Kazi ya picha pana imeshapata mwenyewe. Kamera inabaki na kazi moja ambayo simu haiwezi: kufika mbali ikiwa na mwanga mdogo. Basi bodi moja, lenzi moja ya 70-300 au ile ya Canon ya 55-250, inafungwa nyumbani na kufunguliwa nyumbani. Hoja ya vumbi, iliyokuwa nguzo ya kipande kimoja, inapungua uzito kwa zaidi ya nusu. Haiishi, maana lenzi hizo nazo hurefuka, lakini ikijaa vumbi unatupa lenzi, bodi inabaki.

Kuna wanaomwambia aachane na zote mbili achukue kizazi kipya kisicho na kioo ndani, tuseme Canon R50 ya mwaka 2023 au Sony a6000 ya 2014 iliyotumika. R50 ina akili ya kumtambua ndege na kulishika jicho lake, na sitajifanya kwamba hilo ni dogo. Mimi ndege wanaoruka nawakosa wengi. Ila R50 haina mpira wa kuzuia vumbi, na a6000 vilevile. Ukitoa lenzi kihisi kiko wazi mbele yako, wakati kwenye DSLR (bodi zenye kioo, kama D7200 na 80D) kuna kioo na shata iliyofungwa mbele yake. Betri ya a6000 kwa kipimo cha kiwanda ni picha 360 kwa chaji moja. Ya D7200 ni 1,110. Kwa mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni, huko Mpwayungu au Mtera, tofauti hiyo anaihisi. Milioni mbili zingekuwa nne, ningesema mengine.

Kuhusu kununua mtumba (nazungumzia kamera, si Mtumba ulipo Mji wa Serikali), jambo la kuangalia ni shata imefyatuka mara ngapi. D7200 na D7500 zimejaribiwa hadi mara 150,000, 80D hadi 100,000. Kwa Nikon idadi hiyo imeandikwa ndani ya faili la kila picha: piga picha moja dukani, ipeleke kwenye kompyuta, isome. Kwa Canon nyingi haionekani hivyo, unahitaji programu ya kuichomoa kwenye kamera yenyewe. Muuzaji akikuzuia kupiga hata picha moja, mshukuru uondoke. Piga pia anga tupu kwa tundu la f/16, ndipo madoa ya kwenye kihisi yanapojitokeza. Na ukiwa hapo mjini unajaribu, usielekeze lenzi ndefu kwenye majengo ya serikali. Maelezo yako hayatakuwa mafupi.

Nisimpunje mwenye P900. Zipo sehemu ambazo ningeiazima kwake hata leo. Ukienda Singida, heroe wakiwepo ziwa Singidani, wanasimama mbali na ufukwe, tope la chumvi halikuruhusu kusogea, na bila zumu ndefu unarudi na picha ya mstari wa waridi. Mwezi pia: kwa P900 unauona mashimo yake ukiwa umekaa kibarazani, na watoto wa mtaa mzima watapanga foleni. Na kama kijana ni mtu wa kupiga, kutuma na kulala, asiyetaka kukaa na kompyuta kukata kingo na kurekebisha mwanga, basi nusu ya faida ya bodi anaitupa. Huyo achukue P900, aivute saa 2 asubuhi, na akirudi aifute bomba kwa kitambaa kabla ya kulirudisha ndani.

Upande mwingine ni Kolo, kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Huko kuvuta hakuna maana. Unasimama hatua mbili kutoka kwenye ukuta. Michoro imefifia, mingi ni nyekundu juu ya jiwe lenye rangi ya kukaribiana nayo, kivuli kizito juu yako na jua kali mgongoni. Flashi inaua kila kitu, jiwe linang'aa na mchoro unapotea. Hapo bodi yenye kihisi kikubwa, ukipiga faili ghafi (ambalo kamera haijalirekebisha) na kuja kuvuta ule wekundu taratibu kwenye kompyuta, inakupa mistari ambayo simu iliiona kama uchafu. Ni siku moja ambayo ningebeba lenzi ndogo ya picha pana, ya milimita 18-55, nikaifunge garini, vioo vikiwa juu.

Kwa kijana wetu, ambaye ana kompyuta, ana simu nzuri, na ndege ndio waliomtia kichaa, nashika upande wa bodi. Anunue D7200 au 80D yenye shata isiyozidi nusu ya umri wake na lenzi moja ndefu, na asitumie milioni mbili zote. Abakize ya betri ya pili, kipulizio cha mpira, na nauli ya Hombolo kwa Jumamosi nne mfululizo, akiondoka saa 11 alfajiri.